Kupima mzigo wa akili wa mwanafunzi rubani wa kijeshi: mwongozo kwa wakufunzi

Wanafunzi wawili wa urubani wanaweza kutua kwa ustadi unaofanana na kupewa alama ile ile na mkufunzi yule yule, ilhali mmoja wao bado ana nafasi akilini ya kusikiliza redio, kutazama mafuta na kuiona ndege iliyo mbele yake, na mwenzake ametumia umakini wake wote ili magurudumu yaguse lami panapotakiwa. Alama ya kutua haiwatenganishi watu hawa wawili. Tofauti yao hujitokeza siku upepo unapogeuka ghafla au mnara wa kuongozea ndege unapotoa maelekezo ambayo hayakutarajiwa, na katika urubani wa kijeshi siku hiyo huja mapema, kwa kuwa kurusha ndege ni kazi ya msingi tu inayopaswa kwenda karibu bila kufikiriwa, akili ibaki huru kushughulikia rada, silaha, mafuta, wenzake angani na adui. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima hicho kinachobaki akilini mwa mwanafunzi, na namna ya kutumia kipimo hicho kuamua somo linalofuata liweje.

Mzigo wa akili ni uhusiano kati ya umakini ambao kazi inaudai kwa wakati fulani na umakini ambao mtu anao wa kutoa kwa wakati huo. Zoezi linalomwelemea mwanafunzi wa wiki ya tatu linaweza kumfanya mkufunzi wake asinzie. Tena mzigo na ufanisi haviendi sambamba. Mtu anapozidiwa kidogo hujikaza, na kwa kujikaza huko matokeo yake hubaki mazuri kwa muda. Akifika ukingoni, matokeo huporomoka kwa mara moja. Anayesubiri alama zishuke ndipo aseme mwanafunzi ameelemewa atakuwa amechelewa. Ndiyo maana hapa tunachukua vipimo vya aina tatu kwa pamoja: mwanafunzi mwenyewe anasema nini, kazi ya ziada anaifanyaje, na mwili wake unaonyesha nini. Mpangilio huo unafuata pia gharama, kuanzia kipimo cha bei ndogo kabisa, na kwa maoni yangu shule nyingi zingefaidika vya kutosha hata zikiishia kwenye aina mbili za mwanzo.

Chagua kipande kifupi cha safari

Kosa linalorudiwa mno ni kupima safari nzima. Safari ya mafunzo ina dakika nyingi za utulivu na dakika chache za kukaangwa, na wastani wa hizo zote hauelezi chochote. Chagua kipande chenye mwanzo na mwisho unaoonekana, kinachorudiwa katika masomo mengi, na ambacho wakufunzi wanakubaliana kwamba ndipo wanafunzi hukwama.

Mfano mzuri ni mzunguko wa kutua wa kijeshi katika T-6A Texan II, ndege ya viti viwili na injini moja ya pangaboi ambayo Jeshi la Anga la Marekani huitumia kufundishia hatua ya awali katika kambi kama Vance iliyoko Oklahoma, Columbus ya Mississippi na Laughlin ya Texas. Mwanafunzi hukaa mbele na mkufunzi nyuma. Wanapita juu ya njia ya kurukia wakiwa na kasi ya maili 200 za baharini kwa saa, kisha mwanafunzi anailaza ndege kwa nguvu na kugeuka nyuzi 180 huku akipunguza nguvu ya injini. Mwendo ukishuka chini ya maili 150 anateremsha magurudumu, kwa sababu juu ya hapo hayaruhusiwi kuteremshwa, kisha vibao vya mabawa, kisha orodha ya ukaguzi kabla ya kutua. Wakati huo huo anapima kwa jicho umbali kati yake na njia ya kurukia, anaurekebisha kwa kufuata upepo, anaitafuta ndege iliyomtangulia, na anausikiliza mnara. Halafu anaanza kona ya mwisho akishuka, anatangaza redioni kwamba magurudumu yako chini, anainyoosha ndege na kutua. Yote hayo yanakwisha kwa dakika chache, na mwanafunzi aliyesahau jambo moja hupata adha ya kulikumbuka wakati jambo la tatu limeshafika.

Kigawe kipande hicho kwa matukio badala ya sekunde: kuilaza ndege, magurudumu kushuka, kuanza kona ya mwisho, kunyooka, kugusa lami. Matukio hayo hupatikana katika rekodi ya simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga urukaji, au ya kompyuta ya ndege, na kila kipimo utakachochukua kiwe na saa inayolingana na rekodi hiyo kwa sekunde. Saa zikipishana hata sekunde kumi, mapigo ya moyo ya kona ya mwisho utayasoma kama ya kunyooka, na hitimisho lako lote litakwenda upande.

Kabla ya zoezi, mwanafunzi akae kimya dakika tano akiwa amevaa vifaa vyote ili upate kipimo chake cha utulivu. Andika pia alilala saa ngapi, alikunywa kahawa lini, safari ni ya saa ngapi na joto la nje ni kiasi gani. Mchana wa kiangazi huko Laughlin, karibu na mpaka wa Mexico, joto la lami peke yake hupandisha mapigo ya moyo kabla injini haijawashwa, na asiyeliandika jambo hilo atadhani amepima akili kumbe amepima jua.

Anza na maswali ya karatasi

Watu wengi huyadharau maswali kwa kuwa hayana waya. Lakini mtu pekee aliyekuwemo ndani ya kichwa hicho ni mwanafunzi, na akiulizwa vizuri hujibu vizuri.

Kipimo ninachopendekeza kitangulie ni cha Bedford, kilichotengenezwa na Roscoe na Ellis katika kituo cha utafiti wa ndege cha Bedford nchini Uingereza kwa kufuata umbo la kipimo cha Cooper na Harper cha mwaka 1969, ambacho marubani wa majaribio walikitumia kueleza jinsi ndege inavyotii usukani. Hakimwachi mtu achague namba hewani. Kwanza kinamwuliza: je, uliweza kuimaliza kazi? Akisema hapana, anapata 10, yaani kazi ilimshinda akaiacha. Akisema ndiyo, anaulizwa kama mzigo ulivumilika. Kama haukuvumilika, anachagua kati ya 7, 8 na 9. Kama ulivumilika, anaulizwa kama uliridhisha bila kuhitaji kupunguzwa. Akisema hapana anachagua kati ya 4, 5 na 6, na akisema ndiyo kati ya 1, 2 na 3. Maelezo ya kila daraja yanahusu akiba: kwenye 3 mtu ana nafasi ya kutosha kwa kazi zote za ziada anazotaka kuzifanya, kwenye 6 nafasi ni ndogo, kwenye 9 hakuna akiba kabisa na kuna shaka kama angeweza kuendelea na juhudi ile. Kwa mkufunzi, hilo ndilo swali lenyewe. Chapisha ngazi hiyo ya maswali kwenye kadi inayofungwa pajani, na mwanafunzi akariri mpangilio wake ardhini ili angani ajibu kwa namba moja tu, mara ndege inapokuwa imetulia baada ya mzunguko. Usimwulize katikati ya kona.

Baada ya kushuka, tumia NASA-TLX, dodoso lililochapishwa mwaka 1988 na Sandra Hart na Lowell Staveland baada ya miaka kadhaa ya utafiti katika kituo cha Ames cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, huko California. Lina mistari sita, kila mmoja ukipimwa kuanzia 0 hadi 100: kazi ya akili, kazi ya mwili, msukumo wa muda, ufanisi, juhudi na kero. Mstari wa ufanisi una mtego: upande wa kushoto ni kufaulu kabisa na wa kulia ni kushindwa, kwa hiyo namba kubwa ina maana ya matokeo mabaya. Wanafunzi waliofanya vizuri huweka alama yao kulia kwa mazoea, kisha hesabu nzima inapotoka. Msomee mwanafunzi mstari huo kwa sauti, na baada ya kuujaza mwulize alikusudia nini.

Dodoso kamili lina pia sehemu ya uzani, ambapo mistari hiyo sita inalinganishwa miwili miwili mara 15, na kila mara mtu anachagua ule uliochangia zaidi mzigo wake. Tuseme mwanafunzi wa kubuni ameweka kazi ya akili 70, mwili 20, muda 80, ufanisi 40, juhudi 65 na kero 50, na katika ulinganishaji amechagua akili mara 5, muda mara 4, juhudi mara 3, ufanisi mara 2, kero mara 1 na mwili hakuna. Ukizidisha kila namba kwa uzani wake unapata jumla ya 995. Ukiigawa kwa 15 unapata takriban 66. Wastani wa kawaida wa mistari hiyo sita bila uzani ni takriban 54. Njia zote mbili zinatumika na watafiti, na ile isiyo na uzani ni ya haraka na hutosha kwa kazi nyingi, ila usizichanganye katika jedwali moja, maana umeona pengo lake. Kwa mkufunzi, hata hivyo, jumla haina utajiri wa mistari yenyewe. Mwanafunzi mwenye 80 ya muda anahitaji kufundishwa kutangulia kufikiri, pengine kwa kupunguza mwendo mapema zaidi. Mwenye 80 ya kero huenda ana tatizo na namna anavyofundishwa.

Ukitaka kufuatilia mzigo unavyopanda na kushuka ndani ya simuleta, kuna kipimo cha daraja tano kilichozoeleka kwa waongoza ndege wa Uingereza: kila baada ya dakika mbili hivi taa inawaka, na mhusika anabonyeza 1 kama amepooza kwa kukosa kazi, 3 kama yuko sawa, 5 kama amezidiwa. Rekodi pia muda anaochukua kubonyeza. Asiyebonyeza kabisa naye ametoa jibu.

Kazi ya pembeni

Njia ya pili ni kumpa mwanafunzi kazi ndogo ya ziada na kutazama inavyokwenda. Akiwa na akiba ataifanya. Akiba ikiisha, itachelewa au itaachwa. Ufanisi wa kazi ya pembeni ndio picha ya nafasi iliyobaki.

Katika simuleta kazi hiyo inaweza kuwa ya makusudi kabisa, kwa mfano kidude kinachotetemeka begani na kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba kila kinapotetemeka. Watafiti wa madereva wa magari wanatumia mtindo huo kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 17488, ambapo kichocheo huja kila baada ya sekunde 3 hadi 5 na jibu linalohesabiwa ni lile linalotolewa kati ya milisekunde 100 na 2,500. Kwa mwanafunzi rubani nafasi hiyo ni finyu mno. Itanue, na uifanye isitabirike. Pima kwanza mwitikio wake akiwa hana kazi nyingine, kwa sababu kuna watu wepesi wa vidole na wazito wa vidole, na unachokitafuta ni kiasi alichochelewa kuliko kawaida yake. Mweleze waziwazi kwamba kurusha ndege ndiko kunakotangulia na kitufe kinafuata. Kisha hakikisha amefuata: linganisha mizunguko yenye kitufe na isiyo nacho, na kama kimo au mwendo umeyumba zaidi penye kitufe, ujue umekwisha kuibadilisha kazi uliyotaka kuipima.

Angani siungi mkono vitufe. Huko kuna kazi ya pembeni ya asili ambayo haimwongezei mwanafunzi kitu, nayo ni redio. Pima muda kati ya mwisho wa maelekezo ya mnara na mwanzo wa jibu lake, na uhesabu maelekezo aliyoomba yarudiwe, aliyoyarudia kwa makosa na ambayo hakuyasikia. Sauti zinarekodiwa hata hivyo, kwa hiyo unachohitaji ni saa na uvumilivu. Kutosikia huku si uzembe. Utafiti wa Frédéric Dehais na wenzake huko Toulouse, Ufaransa, umeonyesha kwamba marubani walio katika mzigo mkubwa wanaweza wasiisikie kabisa king'ora cha tahadhari kinacholia ndani ya chumba chao. Masikio ni mazima, ila akili haina pa kukipokelea. Mkufunzi anayejua jambo hilo atamwelewa mwanafunzi anayeapa kwamba hakuitwa.

Mwili

Hapa ndipo fedha nyingi huteketea, kwa hiyo endelea kwa tahadhari. Moyo ndio rahisi kuliko vyote. Mkanda wa kifuani wenye elektrodi hukaa chini ya ovaroli ya urubani bila kumsumbua mtu, mradi usikutane na kamba za kiti wala vazi la kukinza nguvu ya mvutano, ile inayomkandamiza rubani kitini ndege inapogeuka kwa nguvu. Ulowanishe kidogo kabla ya kuuvaa na upime mawimbi yake mwanafunzi akiwa ameshajifunga kitini, maana mkanda unaofanya kazi vizuri mtu akiwa amesimama unaweza kuteleza anapobanwa. Chukua rekodi ya kila pigo, wala si wastani wa kila dakika unaotolewa na saa za mkononi.

Mapigo hupanda wakati wa kuruka na kutua, na hupanda zaidi kwa anayeshika usukani kuliko kwa anayetazama. Lakini hupanda pia kwa woga, joto, kuzungumza na kazi ya misuli. Zoezi lenye mvutano mkubwa linaharibu kipimo hiki kabisa, kwa sababu mwanafunzi anakaza miguu na tumbo na kubadilisha pumzi kila baada ya sekunde tatu hivi ili damu isimtoke kichwani, na moyo unaitikia kazi hiyo bila kujali akili inafanya nini. Tumia moyo katika vipande vya mvutano mdogo tu, na umlinganishe mwanafunzi na utulivu wake mwenyewe, kamwe si na mwenzake.

Wauzaji wa vifaa watakusifia pia utofauti wa muda kati ya pigo na pigo, ambao hupungua mtu anapojibidiisha kiakili. Jambo hilo ni kweli maabara. Kiwango kilichokubaliwa na madaktari wa moyo mwaka 1996 kwa rekodi fupi za aina hiyo ni dakika tano, na kona yako ya mwisho haifiki hata dakika moja. Kipimo hicho kitumie kwa safari ndefu ndani ya mawingu, ambayo rubani huongozwa na vyombo tu. Kwa mzunguko wa kutua tosheka na mapigo yenyewe.

Macho yana habari nyingi. Mtu anayetazama kwa bidii hupepesa mara chache, na mwanafunzi aliyeelemewa huganda kwenye chombo kimoja, kwa kawaida mwendo, na kuacha kuzungusha macho kati ya vyombo na nje. Kamera ya macho katika simuleta itakuonyesha kuganda huko kwa namna ambayo maneno hayawezi, na kwa ushauri wangu picha ya njia ya macho aoneshwe mwanafunzi mwenyewe katika kikao cha tathmini, kwa sababu wengi hawaamini mpaka waone. Kutanuka kwa mboni nako hufuata mzigo, ila upanuzi unaoletwa na kufikiri kwa kawaida hauzidi nusu milimita, na wingu moja linalopita juani huitikisa mboni kuliko hapo. Kipime kwenye simuleta yenye mwanga usiobadilika au kiache.

Mawimbi ya ubongo yana mvuto wake. Mzigo unapopanda, mawimbi ya polepole ya kati ya mizunguko 4 na 8 kwa sekunde huongezeka sehemu ya mbele ya kichwa, na yale ya kati ya 8 na 13 hupungua sehemu ya nyuma. Glenn Wilson, wa maabara ya Jeshi la Anga la Marekani huko Wright-Patterson, Ohio, alichapisha mwaka 2002 utafiti uliopima moyo, macho, jasho la ngozi na ubongo wa marubani wakiwa wanaruka kweli, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haiwezekani. Swali ni kama inafaa kwa shule. Helmeti inazikandamiza elektrodi, barakoa ya oksijeni inavuta ngozi ya uso, na rubani anayeuma meno katika kona anatoa umeme wa misuli unaoufunika ule wa ubongo. Bila mtaalamu wa kuchuja ishara hizo kila siku, utapata picha za rangi nzuri ambazo hakuna anayejua maana yake.

Kuyasoma matokeo na kubadili somo

Weka ufanisi upande mmoja na mzigo upande wa pili, na usitazame kimoja bila kingine. Mwanafunzi anayefanya vizuri kwa mzigo mdogo yuko tayari kusonga mbele, na kumrudishia somo lile lile ni kumdumaza. Mpe upepo wa pembeni, ndege nyingi zaidi kwenye mzunguko, au hitilafu ndogo. Anayefanya vibaya kwa mzigo mkubwa anahitaji kazi imegwe vipande: mkufunzi achukue redio, au simuleta isimamishwe baada ya magurudumu kushuka, hadi kila kipande kiwe mazoea.

Walio wagumu kutambulika ni wa makundi mengine mawili. Wa kwanza ni yule anayefanya vizuri kwa mzigo mkubwa, ambaye nilimtaja mwanzoni. Alama zake zinamruhusu kuendelea, na ratiba ya jeshi inamsukuma aendelee, kwa kuwa ndege ni chache na saa ni ghali. Akiendelea, somo la kuruka kwa kundi litamkuta akiwa bado anauwaza mwendo wake, na atashindwa mahali ambapo hakuna atakayejua chanzo. Mpe marudio machache yenye mabadiliko madogo, na uangalie kama namba yake ya Bedford inashuka kutoka somo hadi somo huku alama zikibaki palepale. Mteremko huo ndio dalili ya ujuzi kugeuka mazoea. Usipouona baada ya marudio kadhaa, kuna kitu anakifanya kwa njia ngumu, na mara nyingi mkufunzi mwingine akikaa kiti cha nyuma atakigundua.

Wa pili ni yule anayefanya vibaya na kusema mzigo ulikuwa mdogo. Wakufunzi wepesi wa hasira humwita mvivu. Chunguza kwanza redio na macho. Ikiwa alichelewa kujibu na macho yaliganda, basi alizidiwa bila kujua, akaziangusha baadhi ya kazi na kubaki na chache zilizomwia nyepesi; alisahau kutazama mafuta na kwa hiyo mafuta hayakumsumbua. Ikiwa redio na macho vilikuwa sawa, huenda hajaelewa anatakiwa kufanya nini, na dawa yake iko darasani kabla ya kuwa angani. Vipimo vikipingana hivi usivichukulie kuwa vibovu, wala usivichanganye kupata wastani. Mpishano wenyewe ndio habari.

Mfano wa kutumia vipimo hivi wakati huo huo somo linapoendelea upo. Mwaka 2018 Jeshi la Anga la Marekani lilianzisha huko Austin, Texas, mpango wa majaribio ulioitwa Pilot Training Next, ambamo wanafunzi walijifunza kwa simuleta za miwani ya uhalisia pepe huku vihisio vikifuatilia miili yao, kwa lengo la kumpa kila mmoja ugumu unaomfaa badala ya wote kufuata kalenda moja. Ukitaka kufanya hivyo kwa kiwango chako, weka kanuni rahisi: mzigo ukibaki chini kwa mizunguko mitatu mfululizo, ongeza jambo moja, ukifika 7 au zaidi kwenye kipimo cha Bedford mara mbili, ondoa jambo moja. Badiliko liwe moja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichoupandisha.

Data ni ya nani

Hakuna kipimo kinachosimama kama mwanafunzi anaamini kitamfukuzisha. Jeshini mtu hujifunza mapema kutokubali kwamba amechoka, na akiona kwamba 8 aliyoiandika Jumatatu ilijadiliwa na kamanda Jumanne, kuanzia Jumatano atakuwa anaandika 4, yeye na darasa zima. Kwa hiyo tenganisha kabisa vipimo hivi na alama za kufaulu, viandikwe kwa namba ya siri, na vionwe na mkufunzi wa mwanafunzi huyo na mchambuzi tu. Ridhaa iombwe na mtu asiye na amri juu yake, na kukataa kusiandikwe popote.

Amueni mapema pia, pamoja na daktari wa marubani, nini kitafanyika mkanda wa kifuani ukionyesha mapigo yasiyo ya kawaida. Jambo hilo hutokea kwa vijana wenye afya, na mara nyingi halina madhara, lakini linaweza kumweka rubani chini kwa miezi. Mwanafunzi aelezwe hivyo kabla hajauvaa mkanda, wala asije akagundua baadaye.

Viwango vya simuleta usivipeleke angani. Simuleta haina hatari, mvutano, harufu ya mafuta wala foleni ya ndege nyuma yako, na mwanafunzi anayeandika 4 ndani yake anaweza kuandika 6 kwa mzunguko ule ule ndani ya T-6 halisi bila kuwa amerudi nyuma. Tunza majedwali mawili, na kwa kila jedwali waombe kwanza wakufunzi kadhaa waruke kipande kile kile na kujaza karatasi zile zile, ili ujue mzigo wa kawaida wa kazi hiyo kwa mtu anayeijua. Baadhi yao watagoma kuandika zaidi ya 2. Waulize tena baada ya safari ambayo walikuwa kiti cha nyuma na mwanafunzi mpya yuko mbele.